Gitaa Lililozeeshwa Kiwandani na Hoja ya Jasho la Mpigaji

Miongoni mwa wapiga gitaa wa Tabora, hukumu juu ya magitaa ya umeme yanayozeeshwa kiwandani mara nyingi hutolewa kabla gitaa lenyewe halijashikwa. Gitaa jipya lililobanduliwa rangi kwa makusudi na kutiwa kutu kwenye skrubu zake huhesabiwa kuwa uongo, na anayelinunua huonekana mtu anayetaka heshima ya majukwaa ambayo hajayapanda. Hukumu hiyo ina sababu zake, nami sitazipuuza. Lakini naona imeegemea dhana moja ambayo historia ya muziki wa dansi, wa mji huu na wa nchi hii, haiiungi mkono.

Biashara yenyewe si ngeni. Fender, watengenezaji wa magitaa wa Marekani, walianza kuuza magitaa yao yaliyozeeshwa, yaitwayo Relic, mwaka 1995, kazi ya kuyachakaza ikifanywa hapo awali na fundi wa nje ya kiwanda, Vince Cunetto. Mwaka 2009 wakatoa aina ya bei nafuu zaidi iliyotengenezwa Mexico, na mwaka 2021 Gibson, washindani wao, nao wakazindua karakana maalumu inayobeba jina la fundi Tom Murphy. Mbinu zinafahamika: vanishi nyembamba ya nitroselulosi hupasuliwa kwa baridi ya ghafla au kwa wembe, rangi hukwanguliwa pale mkono unapokaa, vyuma hufukizwa mvuke wa asidi, na kingo za ubao wa vidole, yaani uso wa shingo ambapo nyuzi hubonyezwa, huondolewa ukali.

Wanaopinga wana mfano mzito, nao ni wa mpiga gitaa Rory Gallagher wa Ireland. Stratocaster yake, gitaa la Fender la mwaka 1961, aliyoinunua mjini Cork mwaka 1963, aliipiga hadi kifo chake mwaka 1995, na sehemu kubwa ya rangi yake ilitoweka. Ilipopigwa mnada London mwezi Oktoba 2024, bei yake ilivuka pauni 700,000. Kwa mtazamo wao, kila doa la gitaa lile lililipiwa kwa usiku mmoja wa kazi, na kiwanda kinachoyanakili madoa hayo kinauza jasho la mtu mwingine. Hoja hii inavutia, na kwa Gallagher ni sahihi kabisa, kwa sababu alikuwa mtu mmoja mwenye gitaa moja kwa zaidi ya miaka 30.

Tuilete sasa katika mji uliotoa bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Katika dansi la Tanzania, kwa sehemu kubwa vyombo havikuwa mali ya mpigaji. Vilikuwa vya mwenye bendi au vya taasisi, kama ilivyokuwa kwa NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alipohama bendi, na kuhama kulikuwa jambo la kawaida, aliondoka na mkono wake na tungo zake kichwani; gitaa alimwachia anayefuata. Huyo aliyefuata alipanda jukwaani na shingo iliyolainishwa na viganja vya watu ambao huenda hakuwahi kuwaona, akapata faida ya uchakavu ambao hakuutolea jasho, wala hakuna aliyemwita mwongo. (Wakongwe wanaowabeza vijana katika suala hili wangefanya vyema kujiuliza gitaa lao la kwanza lilichakazwa na nani.) Uchakavu kwetu haukuwa shahada ya mtu yeyote, ulikuwa hali ya chombo, mzuri pale uliposaidia mkono na mbaya pale ulipoukwamisha.

Tukiupima hivyo, shingo ndiyo yenye neno kubwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 viwanda vingi vilihamia kwenye rangi nene ya poliyesta, ngumu na yenye kung'aa. Katika ukumbi uliojaa watu, kiganja chenye jasho hunata kwenye mng'ao huo, na mpiga solo anayepaswa kupanda na kushuka shingo kwa kasi katika sebene hupoteza nukta ya muda ambayo msikilizaji huisikia bila kujua sababu. Kiangazi cha Tabora kina adha yake pia: mti hukauka na kusinyaa, freti, yaani vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, hazisinyai, na ncha zake hujitokeza pembeni zikaparuza vidole. Kingo zilizoondolewa ukali hupunguza karaha hiyo, ingawa hazichukui nafasi ya tupa ya fundi. Mkulima anayekwangua mpini mpya wa jembe kwa kipande cha chupa kabla ya kwenda shamba hadai kwamba amelima misimu 20, anakwepa malengelenge.

Upande wa pili, hata hivyo, una mambo mawili ambayo watetezi huyapita haraka mno. La kwanza ni udanganyifu: ufundi uleule unaomridhisha mnunuzi mwelewa humsaidia pia tapeli anayeuza gitaa la juzi kama la mwaka 1962, na nembo ya karakana maalumu ya Fender (Custom Shop), ambayo huwekwa nyuma ya kichwa cha gitaa haimlindi mtu asiyejua kuitafuta. La pili ni bei, nayo ndiyo inayonisumbua zaidi. Gitaa lililozeeshwa katika karakana hiyo hupita dola 4,000, yaani takribani shilingi milioni 10, na sehemu ya fedha hizo hulipia saa za fundi aliyekuwa akiharibu rangi ya mbele, rangi ambayo kiganja hakiigusi kabisa. Kutu kwenye skrubu za daraja ni mbaya zaidi, kwa kuwa huzifanya zikwame pale mpigaji anapotaka kurekebisha kimo cha nyuzi.

Kwa hiyo ningeitetea shingo bila kuitetea kutu. Mpigaji wa Tabora mwenye gitaa la kawaida anaweza kupata sehemu kubwa ya kinachouzwa kwa milioni hizo kwa msasa laini sana, akiupitisha nyuma ya shingo hadi mng'ao uishe, na kwa fundi mwangalifu atakayetuliza kingo na kupiga tupa ncha za freti wakati wa kiangazi. Rangi ya mbele aiache kama ilivyo.