Nani Anasema "Hiyo Toa"?

Mteja akiingia kwa fundi cherehani pale Mwanjelwa, Mbeya, siku hizi haanzi na kitambaa. Anaanza na simu. Anafungua filamu ya Kinigeria, anairudisha nyuma, anaisimamisha pale mama mkwe anaposhuka ngazi, kisha anasema: "Fundi, nataka huu mshono, ila mikono iwe mifupi kidogo." Fundi anaikuza picha kwa vidole viwili akitafuta zipu iko wapi, ubavuni au mgongoni, maana kamera haikuzunguka. Asipoiona anakisia. Mishono mingi iliyopita kwenye sendofu na kicheni pati za Mbeya ilizaliwa kwa kukisia hivyo.

Kwa hiyo mitindo na filamu hazikukutanishwa na Paris. Zilikutana zamani kwenye vibanda umiza na kwenye kalenda za mishono zilizobandikwa ukutani kwa mafundi. Jambo jipya ni kwamba fundi, aliyekuwa mtazamaji tu, sasa naye anaagiza filamu yake. Vijana wa kamera ambao riziki yao ilikuwa harusi za Jumamosi wanatumia siku za katikati ya wiki kupiga klipu za mafundi: dakika moja, droni, muziki, binti anageuka, namba ya simu inatokea. Wenye mfuko mzito zaidi wanataka na kisa: binti karudi kijijini, kafungua sanduku la bibi, kakuta kitenge.

Nje huko mambo haya yana mizani nyingine. Miu Miu, nyumba ya mitindo ya Italia, imekuwa ikiwapa waongozaji wanawake fedha za filamu fupi tangu 2011, sharti kubwa likiwa nguo zake zionekane. Saint Laurent, mwenzake wa Ufaransa, mwaka 2023 ilifungua kabisa kampuni ya kutengeneza filamu, na mwaka uliofuata filamu iliyoshiriki kuitengeneza, "Emilia Pérez", ilitoka tamasha la filamu la Cannes na Tuzo ya Majaji. Upande wa pili wapo watu wa filamu za makala, wanaoingia kiwandani na sokoni kuuliza nani ameshona, kwa ujira gani, na nguo itaishia wapi. Watu hawa wawili hawapendani sana. Wa makala humwona mwenzake mpiga debe. Wa chapa, yaani wa kampuni za nguo, humwona mwenzake mtu wa kuuza huzuni.

Mimi nilikuwa wa makala bila kusita. Siku hizi nimeyumba, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka juzi mwezi wa pili nilifuatana na kikosi kidogo cha kamera kupiga klipu ya gauni kwenye njia ya Isyonje, ile inayopanda kuelekea Kitulo. Kitulo ndiyo hiyo wanayoiita Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005, uwanda ulio juu ya mita 2,600, na maua yake huchanua wakati huo huo wa masika, ukungu ukiwa umekaa hadi saa nne asubuhi. Hatukuingia hifadhini; tulisimama pembeni ya barabara kwenye majani. Binti alivaa gauni la kitenge lisilo na mikono. Kila dairekta akisema "kata", dada mmoja alimkimbilia na sweta, soksi na blanketi. Akisema "twende", vyote vinavuliwa. Kwenye klipu unaona upepo, maua na bega. Huoni kwamba bega lile linatetemeka.

Nilikasirika kidogo. Mtu wa Mbeya havai hivyo. Mama wa Uyole anayekwenda sokoni asubuhi ya mwezi wa sita amevaa sweta juu ya gauni, kitenge kiunoni, kingine mabegani, na kichwani kofia ya sufu juu ya kilemba. Huo ni mtindo kamili, una mpangilio wake wa rangi na tabaka, na sijauona kwenye klipu ya tangazo hata moja. Matangazo yetu ya nguo yanapigwa kana kwamba nchi nzima ni ufukwe wa Kigamboni.

Lakini mwenye gauni alipata oda. Wateja walimpigia kutoka Dodoma na Songea, watu ambao wasingeshuka basi Mwanjelwa kutafuta kibanda chake katika vichochoro vile. Fundi asiye na duka la barabarani, mwenye cherehani mbili na overloki ya kukodi, klipu ndiyo kioo chake cha dukani. Tena haimdanganyi mtu kuhusu nia yake. Namba ya simu iko pale; kila anayetazama anajua anauziwa. Nani kati yetu ameangalia tangazo la soda akadhani ni taarifa ya habari?

Na wapo waliotumia fedha za chapa kufika mbali. Mwaka 2020, wakati watu wamefungiwa ndani kwa ajili ya Corona, Mati Diop, Mfaransa mwenye asili ya Senegal, alipewa zamu kwenye mfululizo huo wa Miu Miu. Alijipiga mwenyewe ndani ya chumba chake Paris, amevaa nguo za kampuni, huku tukisikia sauti ya bibi yake aliyekwisha fariki, sauti aliyokuwa ameirekodi zamani. Filamu inaitwa "In My Room". Nguo zimo, sharti limetimizwa, na bado unachoondoka nacho ni upweke wa mwanamke mzee. Kwa hiyo anayesema fedha ya muuzaji lazima izae uongo ana kazi ya kunieleza filamu hiyo.

Sasa tuje kwenye makala, na hapa tushuke Iringa. Vikapu vya milulu, nyasi za kusukia, vya huko vinajulikana. Siku hizi huko nje vinabebwa kama pochi za kuendea mjini, na kamera zimewafuata wasukaji hadi vijijini. Upande wa Kilolo niliwahi kukaa na mama mmoja aliyekwisha kupigwa picha za video mara tatu na wageni tofauti. Baada ya "kamwene" na habari za nyumbani, nilimuuliza kama aliwahi kuziona. Akacheka. "Mwanangu, mikono yangu imefika Ulaya. Mimi Dodoma sijafika." Hakusema kwa uchungu. Aliendelea kusuka. Ila nilipotafuta baadaye nikaipata moja, kweli: mikono, mikono, machweo, mikono. Jina hakuna. Bei aliyolipwa hakuna, na bei ya dukani ndiyo kabisa. Iliitwa filamu ya makala. Mwishoni palikuwa na nembo ya duka.

Hapo ndipo niliposhtuka. Ile ya Isyonje ilikuwa tangazo na ikasema ni tangazo. Hii ilikuwa tangazo iliyovaa mgolole wa mzee wa mila ili iheshimiwe.

Hata wakubwa hawajaepuka. "Dior and I" ya mwaka 2014 ni filamu ya makala nzuri, naipenda: mbunifu Raf Simons amefika Dior, nyumba ya mitindo ya Paris, mwaka 2012, ana wiki kama nane za kuandaa mkusanyo wake wa kwanza wa nguo za kifahari, na kamera inakaa na washonaji waliovaa makoti meupe, wale akina mama waliozeeka na sindano. Wana majina, wana utani, wanagombana na muda. Ukitoka hapo unaijua kazi. Lakini huwezi kuingia kwenye karakana ile bila mwenye nyumba kukufungulia, na mwenye nyumba hafungui mlango ili aumbuliwe. Fundi anaonekana, ndiyo. Mshahara wake hauzungumzwi.

Linganisha na "The True Cost" ya 2015, iliyochochewa na maafa ya Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo lililoanguka Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100. Mtengenezaji wake hakuwa na kampuni ya nguo ya kumshika mkono, na inaonekana: anauliza maswali ambayo Dior isingeyaruhusu mlangoni. Hapo filamu ya makala inalipa deni lake lote. Hakuna klipu ya dakika moja inayoweza kubeba jengo lile.

Udhaifu wake ni mwingine. Filamu za namna hii zikifika kwenye mitumba huwa zinaonyesha milima: malundo ya nguo, jalala, mtoto amesimama juu yake. Si uongo, nguo mbovu zinatupwa kweli. Ila nenda Mwanjelwa alfajiri belo likikatwa. Yule kijana anayechomoa makoti, anayaosha, anayanyoosha kwa pasi ya mkaa na kuyapanga kwa rangi anafanya kazi ambayo mjini London mtu angelipwa kwa cheo cha mbunifu. Sweta nzito ambayo Dar es Salaam ingekaa kwenye lundo, Mbeya na Makambako inagombewa. Kisha kuna siasa, ambayo lundo halielezi: mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019 ili viwanda vyetu vipumue, Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, Kenya, Uganda na Tanzania zikalegeza, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafuu hiyo. Kijana wa belo na mshonaji wa kitenge wanagombea mteja yule yule, na wote wawili wana haki ya kula. Filamu iliyokuja na jibu mkononi haina nafasi ya kijana huyu kuwa hodari. Inamtaka awe mhanga.

Ndiyo maana siku hizi jina la aina ya filamu halinisumbui sana. Nauliza: kwenye chumba cha kuhariri, nani anaweza kusema "hiyo toa" na ikatolewa? Kwenye klipu ya Isyonje ni fundi, kwa sababu fedha ni zake. Kwenye filamu ya kikapu ni mnunuzi. Kwenye makala ya mitumba ni mfadhili, au dairekta na hasira zake. Na aliyesuka, aliyevaa, aliyetetemeka, hana neno hilo popote. Kwa kipimo hicho klipu ya fundi wa Mwanjelwa, pamoja na bega lake la uongo, inazishinda makala nyingi nilizowahi kuzisifu, kwa kuwa angalau mmoja wa walioshika kitambaa ameshika na mkasi wa filamu.

Sisemi klipu zitoshe. Fundi mwenye fedha za dakika moja hatapiga filamu kuhusu wasichana anaowalipa kwa kipande, na bila mtu wa nje hilo halitajulikana kamwe. Ila huyo wa nje anaweza kufanya mambo mawili yasiyogharimu kitu: aandike majina mwishoni, na arudi kijijini na filamu kwenye simu aioneshe kabla ya wengine hawajaiona. Pale Neema Crafts mjini Iringa, kazi iliyoanzishwa 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Anglikana kwa ajili ya watu wenye ulemavu, mgeni anaweza kuingia karakana akamwona anayefuma mtandio ambao atauona tena dukani. Hakuna mkato katikati. Sijui kwa nini kamera iliyotoka mbali ishindwe kufanya hivyo.

Nilipomrudia yule fundi wa gauni, alikuwa na klipu mbili kwenye simu. Ile ya kwanza, ya maua, anaituma kwa watu wasiomjua. Ya pili ni mabaki aliyomwomba edita asiyafute: kibanda chake, kelele za cherehani, mkono ukigeuza gauni ndani nje kuonyesha pindo na zipu. Hiyo hajaiweka popote. Anamwonyesha mteja aliyekaa mbele yake kwenye stuli, hasa akiwa ni yule aliyekuja na filamu ya Kinigeria na hajui zipu iko wapi.