Makala ya mawe ya Luena na mbabula zetu

Hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, umeme ukikatika tu, mbabula, majiko yetu ya makala, zinatoka uani na gunia la makala ya miti linapanda bei. Ndipo majirani wanarudia swali lao: kwa nini tumalize misitu ya miombo wakati Luena, kwenye reli ya kwenda Kamina, ardhi imejaa makala ya mawe, yale yanayochimbwa ardhini? Swali lina haki. Katika tanuru la udongo, kilo 100 za miti hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala, na wachomaji wetu wanaendesha baiskeli mbali zaidi kila mwaka.

Makala ya mawe nayo yalikuwa mimea. Zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita mimea hiyo iliangukia kwenye vinamasi, maji yakazuia hewa, isioze yote. Tope na mchanga vikaifunika. Uzito na joto vikakamua maji na gesi, kaboni ikabaki. Kadiri tabaka linavyozama na kupata joto, ndivyo makala yanavyokuwa bora. Ya Luena hayakufika mbali katika safari hiyo. Yamebaki na gesi nyingi, wala hayafai kwa koki, yaani makala ya mawe yaliyochomwa bila hewa, ya kuyeyushia madini. Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni iliyoanza kuyeyusha shaba mjini kwetu mwaka 1911, ilitegemea koki ya Wankie, leo Hwange, Zimbabwe.

Gesi hiyo ndiyo inayonitisha. Nimewahi kuweka kipande cha makala ya Luena kwenye mbabula. Kilichelewa kushika, kisha kikatoa moshi mzito wa manjano wenye harufu ya kiberiti. Sufuria ikawa nyeusi hadi mkononi, na watoto wakakimbilia barabarani. Makala ya miti pia huua ndani ya nyumba iliyofungwa, lakini huu moshi unakuumiza hata uani.

Kwa viwanda sina jibu la haraka. Migodi inakosa umeme, laini ya umeme kutoka bwawa la Inga inatembea kilometa 1,700 hivi kabla ya kufika Kolwezi, na mvua ikipungua mabwawa hudhoofika. Mtambo wa umeme wa makala ya mawe hausubiri mvua. Ila kila kilowati-saa yake hutoa karibu kilo 1 ya hewa ukaa, na majivu yanabaki kwa wanaoishi kando ya shimo. Kwa tanuru la saruji lenye dohani ndefu na vichujio, ningekubali.

Kwa jikoni, hapana, labda makala ya mawe yachomwe kwanza bila hewa ili gesi itoke, ndipo yafinyangwe kuwa matofali madogo ya kuwashia. Lakini moshi ule lazima utokee mahali. Anayetuletea wazo hilo atuambie kwanza tanuru lake litajengwa mtaa gani.