Kusafisha makaa ya mawe bila maji: hewa inafika wapi?

Makaa ya mawe hutoka mgodini yakiwa yamechanganyika na mawe. Yakichomwa hivyo hivyo, mawe huishia kuwa majivu, na nauli ya kuyasafirisha imeshalipwa. Kwa kawaida hutengwa kwa maji. Wapo wanaosema hewa na unga wa magnetiti, madini mazito ya chuma yanayovutwa na sumaku, vinatosha, maji yaachwe kabisa. Wana hoja nzito, lakini hilo la "kabisa" silikubali.

Unga wa magnetiti wenye chembe za milimita 0.15 hadi 0.3 humwagwa kwenye tanki hadi kimo cha sentimita 30 au 40, kisha hewa hupulizwa kutoka chini kupitia sahani yenye vitundu. Hewa ikishazidi kidogo kasi ya kuuinua, unga hulegea na kuwa kama kimiminika. Makaa safi yana msongamano wa gramu 1.3 hadi 1.4 kwa sentimita ya ujazo. Mawe mengi yanapita 2.2. Unga ukiwekwa kwenye 1.6, makaa huelea, mawe huzama, na vikwanguo vya mnyororo huvitoa kila kimoja upande wake.

Shida ni kuibakisha hiyo 1.6. Magnetiti peke yake hukaa karibu na 2, ndiyo maana huchanganywa na unga wa makaa. Lakini makaa yanayoingia husuguana na kuzaa unga mpya muda wote, hivyo msongamano hushuka bila mtu kugusa kitu. Fundi huliona hilo kwenye presha: kati ya vipimo viwili vilivyopishana milimita 200 kwa kimo, 1.6 husomeka takriban kilopaskali 3.1. Ikisoma 2.9, msongamano umeshuka hadi 1.48, na makaa yenye majivu ya wastani, ambayo yangefaa kuuzwa, yanazama pamoja na mawe. Hapo sehemu ya unga hupitishwa kwenye sumaku: magnetiti hurudi tankini, unga wa makaa hutolewa.

Faida zake ni za kweli. Tope la kuoshea makaa linahitaji bwawa, na bwawa la taka za makaa lililopasuka Buffalo Creek, West Virginia, Februari 1972 liliua watu 125. Makaa machanga, yale ya lignaiti, humomonyoka yakiloweshwa. Penye baridi kali makaa yaliyooshwa huganda ndani ya mabehewa. China ilishajenga mtambo wa namna hii Qitaihe, Heilongjiang, katika miaka ya 1990, wa tani 50 kwa saa. Kwa hiyo si jambo la maabara tu.

Kinachoiangusha njia hii ni makaa madogo na unyevu. Vipande vya milimita 6 hadi 50 hutengana vizuri. Chini ya hapo, mapovu ya hewa yanayopanda huvirusha juu na chini, safi na chafu pamoja. Kuutikisa unga hupunguza ukubwa wa mapovu na kusaidia kiasi, ila chembe laini kabisa bado hushinda. Unyevu wa juu ya vipande ukipita takriban asilimia 5, unga hunata, sehemu za tanki hufa, yaani unga wake haulegei tena, na hewa yote hupenya kwenye mfereji mmoja. Magnetiti iliyonata kwenye makaa huondoka nayo, na hiyo ni hasara ya kila tani. Kuyakausha kwanza kunakula mafuta. Vumbi nalo hulipuka, kwa hiyo mifuko ya kuchujia na waya za kupeleka umeme tuli ardhini si vya kubania bajeti.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya mtambo, chukueni sampuli, zipitisheni kwenye chekeche ya milimita 6, mpime na unyevu. Mashine za kisasa za kuchimba huponda sana. Theluthi ya mzigo ikipita kwenye chekeche, theluthi hiyo itauzwa chafu au itaoshwa kwa maji, na bwawa litajengwa vilevile, ila dogo zaidi.