Ukitaka kuwaelewa Wajapani, anza na neno kudeka

Mara kwa mara napata ujumbe kutoka kwa kijana wa nyumbani aliyepata nafasi ya kuja Japani: "Kaka, nisome kitabu gani niwaelewe wenyeji?" Mtandaoni ataelekezwa kwanza kwenye Bushido cha Inazo Nitobe. Mimi namwambia akiweke kando kwanza. Nitobe alikiandika kwa Kiingereza akiwa Marekani, kikatoka mwaka 1900, kwa ajili ya wasomaji wa Magharibi; ndiyo maana samurai wake, wale wapiganaji wa kale wa Japani, hawaishi kufananishwa na mashujaa wa Ulaya. Kile cha Ruth Benedict cha mwaka 1946, The Chrysanthemum and the Sword, kinaeleza vizuri uzito wa deni la fadhila, lakini mwandishi hakuwahi kukanyaga Japani. Kazi ile ilianza vitani, Marekani ikitaka kumjua adui wake. Sisi hatuna vita na Wajapani, tunataka kuishi nao.

Kitabu ninachokipendekeza mimi ni cha Takeo Doi, daktari wa magonjwa ya akili: Amae no Kōzō cha mwaka 1971, kwa Kiingereza The Anatomy of Dependence. Anasimulia alivyofika Marekani mwaka 1950, akaenda kumtembelea mtu. Mwenyeji akamuuliza kama ana njaa, aiskrimu ipo. Njaa ilikuwa inamuuma, lakini ni ugenini tena mara ya kwanza, akasema hapana, akingoja abembelezwe. Hakubembelezwa. Aiskrimu ikaishia hapo.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikamkumbuka mama kule Tanga. Nani kwetu hukubali chakula kwa karibu ya kwanza? Unasema umeshiba, unavutwa mkono. Unaapa umetoka kula sasa hivi, maji ya kunawa yanaletwa. Ndipo unakaa mkekani.

Doi anasema neno amae, ile hali ya kumwegemea mtu ukijua atakuchukulia kwa upendo, halina neno moja la kulitosha katika lugha za Ulaya. Sisi tunalo: kudeka. Mtoto anadeka kwa bibi yake, mke kwa mume. Kisome ukiwa na neno hilo kichwani, utaona Wajapani wanavyodeka hata wakiwa watu wazima, hata kazini, bila kutamka. Anayekujali anatarajiwa ahisi kabla hujamwambia.

Kutotamka huko kuliniumiza. Mwaka wangu wa kwanza kiwandani, mkoani Aichi, niliomba ruhusa ya Idi. Msimamizi akavuta pumzi kwa meno, akainamisha kichwa: "Chotto muzukashii." Ni vigumu kidogo. Nikaona, kama ni kidogo, basi inawezekana, nikakata tiketi ya treni. Kumbe lile lilikuwa hapana. Nilibaki na kinyongo wiki nzima, nikiwaona wanafiki. Lakini "tutaangalia" ya mjomba uliyemwomba ada, nani kwetu haijui maana yake? Hapana za kwetu tumezisikia tangu utotoni; za wenzetu lazima ujifunze.

Baada ya Doi, soma riwaya ya Sayaka Murata, Konbini Ningen, iliyopata Tuzo ya Akutagawa, tuzo kubwa ya fasihi huku Japani, mwaka 2016. Keiko ana miaka 36, hajaolewa, na kwa miaka 18 amekuwa karani wa muda katika duka la mtaani lisilofungwa. Kila mtu anataka kujua ataolewa lini, atapata lini kazi ya maana. Dada zetu wanaulizwa hayohayo. Tofauti ni kwamba anayekuuliza Tanga ndiye atakayekuletea uji ukiugua. Hilo huku sijalipata kwa urahisi: miaka sita sasa, jirani wa mlango wa kushoto simjui hata jina, na hakuna kitabu kilichonizoesha kuishi bila kusikia hodi.

Ila yupo bibi wa mlango wa kulia. Majira yangu ya baridi ya kwanza aliniletea machenza kwenye mfuko wa kitambaa cha buluu, ameushika kwa mikono miwili, akisema "tsumaranai mono desu ga", si kitu cha maana. Mama angesema "si kitu, ni kidogo tu." Sikuurudisha mtupu, niliutia maandazi ya iliki. Baada ya siku tatu ukarudi kwangu na chai ya kijani, na hadi leo unakwenda na kurudi. Juzi ulikuja na viazi vitamu.