Texas: Mtoto Asipokuja Shuleni, Fedha Yake Huenda Wapi?

Mjadala wa fedha za elimu katika jimbo la Texas umemezwa na vocha, yaani fedha za umma za kumlipia mtoto shule binafsi. Mei 2025 Gavana Greg Abbott alitia saini sheria inayotenga dola bilioni 1 za kuwasaidia wazazi kulipa ada za shule binafsi. Wanaoiunga mkono wana hoja: mzazi wa kipato kidogo, ambaye shule ya mtaani kwake imedorora miaka nenda miaka rudi, kwa nini abaki hapo kwa sababu tu hana pesa za kuhama? Tena mwaka huohuo Bunge la jimbo liliziongezea shule za umma dola bilioni 8.5, karibu nusu zikienda kwenye mishahara ya walimu na wafanyakazi wengine.

Hata hivyo, wanaozipigania shule za umma hawaeleweki. Husemwa kana kwamba wanalinda vyeo, ilhali kilio chao ni cha hesabu. Kiwango cha msingi cha fedha za shule kwa kila mwanafunzi kwa mwaka kilikwama kwenye dola 6,160 tangu 2019, huku bei zikipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Mwaka 2025 kiliongezwa dola 55. Hamsini na tano tu!

Na hicho nacho hulipwa kwa mahudhurio, si kwa uandikishaji. Mtoto akikosa siku 18 katika mwaka wa siku 180, shule yake inapoteza zaidi ya dola 600 za kiwango hicho. Mshahara wa mwalimu haupungui kwa sababu dawati moja limebaki tupu, wala basi halitumii mafuta kidogo. Sasa tazama ni nani hukosa. Sheria ya Texas yenyewe inawataja watoto walio hatarini kuacha shule: aliyerudia darasa, msichana mjamzito, asiye na makazi, anayejifunza Kiingereza. Humo wamo watoto wa wakimbizi wa Kongo walioingia madarasa ya Houston na Dallas na Kiswahili chao. Ni kweli jimbo hutoa nyongeza kwa ajili ya wanafunzi maskini, kuanzia kama dola 1,400 kwa kila mmoja. Lakini siku zile 18 zinakula karibu nusu yake.

Wanaoutetea utaratibu huu wa kulipa kwa mahudhurio hudai kuwa unailazimisha shule kumfuatilia mtoro. Sawa, ila kumfuatilia kunahitaji mtu wa kubisha hodi nyumbani kwao, na mtu huyo hulipwa kwa fedha ileile iliyokatwa. Vocha, kwa upande wake, ni takriban dola 10,000 kwa mwaka, na shule binafsi inayoipokea ina hiari ya kumkataa mtoto.

Pendekezo la kulipa kwa uandikishaji limefika bungeni Austin, mji mkuu wa Texas, zaidi ya mara moja bila kupita. Kikao cha kawaida kinarudi Januari 2027, na kwangu mimi hilo ndilo la kuanza kudai, hata kabla ya kurudia vita vya vocha.