Waziri Mpya, Horohoro Ile Ile

Agosti 2023 January Makamba alipopewa Wizara ya Mambo ya Nje, huku Tanga ilikuwa sherehe. Mtu wa Bumbuli, wa mkoani kwetu! Barazani kwetu Ngamiani wazee waliongea kana kwamba mpaka wa Kenya umeshafutwa. Julai 2024 akatolewa, akaja Mahmoud Thabit Kombo, na walewale wakaanza upya: "Huyu katoka ubalozini Italia, diplomasia anaijua, sasa na Kenya tutaelewana." Jamani, nimechoka.

Haya, haki yao nawapa. Januari 2024 tulipotangaza kuizuia Kenya Airways kubeba abiria kati ya Nairobi na Dar, kisa Kenya kuinyima Air Tanzania kibali cha ndege ya mizigo, Makamba na Musalia Mudavadi, waziri mwenzake wa Kenya, walizungumza kwa simu, na mambo yakamalizwa upesi. Sikatai.

Ila kwa machungwa ya Muheza, nani anampigia nani? Binamu yangu huyapeleka Mombasa. Siku moja nilipanda naye Fuso hadi Horohoro, mpakani na Kenya. Kituo ni cha pamoja, cha nchi zote mbili, kizuri, lakini gari lilikaa juani tangu asubuhi. Ofisa kataka karatasi, kapewa, kataka nyingine. Wa dirisha la pili kasema ile ya kwanza haikuwa na kazi. Alasiri machungwa ya chini yalishaanza kupasuka, maji yanachuruzika kwenye bodi, nyuki wamejaa, utingo anawapunga kwa kofia. Na hapo tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye utaratibu rahisi wa cheti cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani, kwa mzigo usiozidi dola 2,000! Mama wa matenga mawili nani kamweleza? Yeye anapita njia ya panya, akikamatwa anaitwa mlanguzi.

Hakuna aliye msafi. Mwaka 2017 tulichoma vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya. Machi 2021 wao wakazuia mahindi yetu. Mawaziri wa mambo ya nje walikuwepo, pande zote mbili, na suti zao.

Halafu tunasomewa "uhusiano wa kindugu". Mdigo wa Moa, upande wetu, ana shangazi Vanga, upande wa Kenya; undugu atangaziwe na nani?

Mimi waziri mpya simpimi kwa hotuba. Apande basi la Mombasa pale stendi ya Kange, Tanga, bila king'ora, na tenga lake la machungwa, ashuke Horohoro apange foleni. Na karatasi zote awe nazo, hata ile isiyohitajika.