“Mmeelewa?” “Ndiyooo!”

Nina steshenari ndogo hapa Moshi, hatua chache kutoka stendi. Kopi, laminesheni, picha za pasipoti, na siku hizi kazi inayonilisha kuliko zote: kuwajazia vijana maombi ya ajira mtandaoni. Likitoka tangazo la kutafuta vijana wa kufundishwa kuongoza ndege, yaani kuwaelekeza marubani kwa redio kutoka mnarani, mimi hulijua kabla sijalisoma. Mlango unajaa watoto waliosoma PCM na PGM, michepuo ya fizikia na hesabu, bahasha za kaki kwapani, kila mmoja ananiuliza kama jina la kati lililoandikwa tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa litamharibia. (Litakusumbua. Nenda kwa wakili ukaape mapema, usingoje siku ya usaili.)

Nawaelewa vizuri, maana niliwahi kuwa mmoja wao. Niliitwa, nikapita mchujo wa kuandika, nikaangukia kwenye mahojiano. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nawaambia watu kwamba nilikosa “mtu wa kunishika mkono”. Ni uongo. Kilichoniangusha ni neno nililolizoea tangu darasa la kwanza.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, watu wanne nyuma yake, na feni ya dari iliyokuwa ikilia kama baiskeli isiyotiwa grisi. Maswali mawili ya kwanza yalikwenda vizuri. La tatu liliulizwa na mama mmoja aliyekaa mwisho kabisa kushoto, sauti yake ya chini, kwa Kiingereza. Nilisikia upepo, nikasikia njia ya kurukia, katikati feni ikala maneno yote. Nikaitikia kwa kichwa. Halafu nikajibu! Nilijibu dakika nzima, Kiingereza kimenyooka, nikaeleza kwa nini ndege huruka na kutua zikielekea upepo unakotoka. Mama akanitazama kidogo, akaandika kitu, akasema ahsante.

Nje, chini ya mti, mwenzangu aliyetangulia akanieleza swali alilokumbana nalo yeye: upepo umegeuka, wewe umempa rubani njia nyingine ya kutua, naye anakurudishia namba ya ile ya zamani. Utafanya nini? Ndilo lile lililoliwa na feni. Nikaishiwa nguvu.

Baadaye nilimpata mzee mmoja mstaafu wa kazi hiyo, anayekuja dukani kwangu kutoa kopi za karatasi za pensheni. Nilimsimulia nikidhani atanicheka. Hakucheka. “Mwanangu,” akaniambia, “watu wanadhani kazi yetu ni kusema. Kazi yetu ni kusikiliza ulichosema wewe mwenyewe kikirudi.” Akanifafanulia pale pale kwenye kaunta, akitumia stepla kama ndege. Mwongoza ndege anatoa maelekezo. Rubani hatakiwi kujibu “sawa”, anatakiwa kuyarudia: namba ya njia, kimo cha kupanda au kushuka, masafa ya redio ya kuhamia. Mwongozaji anasikiliza marudio hayo neno kwa neno, na yakipinda anayanyoosha hapo hapo. Lile neno “roger” tunalolipenda kwenye sinema lina maana moja tu: ujumbe wako wote nimeupokea. Si ndiyo, wala si nitafanya. Na usiposikia kuna maneno yake rasmi, “say again”, yanayotamkwa siku nzima na watu wenye saa elfu nyingi angani bila kuona haya. Hata namba zimepindwa kwa sababu hiyo: tatu hutamkwa “tree”, tano “fife”, tisa “niner”, ili redio ikikwaruza zisichanganywe.

Sasa tulinganishe na tulivyolelewa. Mwalimu anafuta ubao, anageuka: “Mmeelewa?” Darasa zima: “Ndiyooo!” Anayesema hapana anasimamishwa, wenzake wanamcheka, na akirudia kesho anapewa jina. Halafu tunavuka kutoka shule ya msingi ya Kiswahili kwenda sekondari ya Kiingereza, na kidato cha kwanza kizima tunaishi kwa kukisia. Unashika maneno mawili, unajaza yaliyobaki, unaomba Mungu. Ni ufundi wa kweli huo, na umetuvusha mitihani mingi. Ndio nilioingia nao kwenye kile chumba chenye feni.

Na hatuuachi shuleni. Bosi akituma, “sawa”. Daktari akieleza dawa, “sawa”. Fundi ukimwambia rangi ya ukuta, “sawa, bosi wangu”, jioni unakuta ukuta wa kijani. Sawa yetu mara nyingi ina maana ya “naomba mazungumzo yaishe”.

Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu zikiwa chini, kwenye njia ya kurukia, wakafa watu 583. Mpaka leo ndiyo ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga. Kiini chake kimesimuliwa sana, lakini kuna sekunde chache ninazozirudia kichwani. Mnara ulizungumza, na wakati huo huo rubani wa ndege iliyokuwa bado haijatoka kwenye njia ya kurukia naye akazungumza. Sauti mbili zikapandana kwenye redio, ndani ya ile ndege nyingine ukasikika mlio tu. Hakuna aliyesema rudia. Fundi wa ndege hiyo, iliyokuwa tayari inakimbia kuruka, aliuliza kama mwenzao ametoka kwenye njia. Nahodha, mtu mwenye heshima kubwa kazini, akajibu kwa uhakika kwamba ametoka. Fundi akanyamaza. Baada ya hapo taratibu za lugha ya redio zilibanwa: neno la kuruka halitajwi ovyo, hutajwa ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa.

Hapa kwetu nako tumeona. Desemba 2013 ndege kubwa aina ya Boeing 767 iliyotakiwa kutua KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, ilitua Kisongo, kwenye uwanja mdogo wa Arusha uliozoea ndege za watalii wa Serengeti. KIA kuna njia ya mita 3,600. Kisongo wakati ule ilikuwa mita 1,600 na ushee. Picha zilizunguka kwenye simu, dege limezamisha magurudumu kwenye majani, na namshukuru Mungu watu walishuka salama. Jambo moja wengi hawalijui: njia za viwanja vyote viwili zimelala upande mmoja, mashariki kwa magharibi, kwa hiyo zina majina yale yale, 09 na 27. Sisemi hiyo ndiyo sababu ya siku ile. Nasema tu kwamba ukiwa mwongoza ndege katika anga hili, chini ya Meru na Kilimanjaro, kuna siku namba utakayosikia itakuwa sahihi na mahali si penyewe, na huwezi kuwa mtu wa kuitikia kwa kichwa.

Najua nitaambiwa: ukimwomba msaili arudie swali, ataona Kiingereza huna. Hofu hiyo ndiyo inayouza zile “maswali na majibu ya usaili” kwenye makundi ya WhatsApp, shilingi elfu tano PDF moja, vijana wanakariri majibu ya maswali ambayo hawataulizwa. Lakini kipimo cha Kiingereza kinachotumika duniani kwa marubani na waongoza ndege kina ngazi sita, na leseni inadai angalau ya nne. Kinapima mambo sita: matamshi, sarufi, msamiati, ufasaha, uelewa, na jinsi unavyojibizana. Hilo la mwisho, kwenye ngazi ya nne, linataka mtu anayeweza kutatua kutoelewana kwa kuhakiki na kuuliza. Kuuliza kuna alama zake! Nasi tunaficha kuuliza kwetu kama kidonda.

Ningekuwa na sauti mbele ya majopo, ningeomba kitu kimoja: kabla ya swali la kwanza, mwambieni kijana ana ruhusa ya kuomba swali lirudiwe. Mtamwona anashusha mabega. Na ninyi mnaoniletea bahasha, fanyeni zoezi ambalo mzee alinipa: mwenzako akusomee maelekezo manne haraka haraka, redio ikiwa imewashwa kwa sauti, uyarudie yote. Ukikosa moja, usikisie. Umri usikutishe, leseni yenyewe hutolewa ukishatimiza miaka 21, unaweza kuanza mafunzo mapema zaidi. Macho na masikio yatapimwa na daktari, hayo huwezi kuyasomea.

Juzi alikuja binti mmoja kutoka Kiboriloni, amemaliza kidato cha sita, anataka kuomba. Tukaskani vyeti vyake vyote. Nikamweleza taratibu, kama kaka: faili zisizidi ukubwa uliowekwa, nywila iandike kwenye daftari si kwenye simu, barua isainiwe kabla ya kupakiwa, na chukua cheti chako halisi cha kuzaliwa hapo kwenye skana, usaili hawakubali kopi.

“Sawa, kaka. Ahsante sana.”

Akalipa, akatoka mbio kuwahi Hiace. Nilipofunua skana kumhudumia mteja aliyefuata, cheti kilikuwa bado humo.